Jiko la Maboksi

Mimi hujenga jiko mara mbili. Mara ya kwanza kwa maboksi, mara ya pili kwa mbao. Wateja wakinisikia nikisema hivyo kwenye simu hudhani nimepungukiwa kidogo kichwani, na wengine hukata kwa adabu. Wanaobaki ndio wateja wangu.

Sina duka, sina kibao barabarani, sina bosi. Nina drili, msumeno, futi mbili za kupimia na kigari chakavu cha kubebea mbao, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nijiajiri. Ufundi nilifundishwa na mjomba wangu, fundi hodari kweli kweli, lakini mdomo wake ulikuwa na kufuli. Akiingia kwenye nyumba ya mtu alitundika shuka mlangoni mwa jiko, na mwenye nyumba hakuruhusiwa kuchungulia hadi siku ya kukabidhiwa. "Mteja akiona vumbi atakuuliza maswali," alikuwa akiniambia, "na akiuliza sana atagundua kwamba hata wewe hujui." Nilifanya kazi nyuma ya shuka lile miaka sita. Niliona akina mama wakikabidhiwa majiko ya kupendeza yasiyowafaa hata kidogo, nao wakitabasamu kwa sababu majirani walikuwa wanatazama. Siku nilipoondoka kwa mjomba niliapa kwamba shuka kwangu litakuwa la kitandani tu.

Kwa hiyo mimi kazi yangu iko wazi. Nikifika kwa mteja, hata kabla sijafungua futi, nabandika karatasi kubwa ukutani na kuigawa sehemu tatu kwa kalamu nene: Tumekubaliana, Sijui, Nimekosea. Mteja anaruhusiwa kuandika humo saa yoyote, kama mimi. Kisha naenda madukani kuomba maboksi ya friji na televisheni, nayakata na kuyaunga kwa selotepu mpaka yanakuwa makabati, sinki na jiko la kupikia, vyote kwa ukubwa ule ule vitakaokuwa nao vikishatengenezwa kweli. Halafu mteja anapika humo asubuhi nzima. Anapika hewa. Anavuta droo isiyovutika, anamwaga maji yasiyokuwepo, na mimi nasimama pembeni nikiandika pale goti linapogonga na pale mkono usipofika. Najivunia njia hii, sitaficha. Mwaka jana niliijivunia kupita kiasi, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mteja alikuwa mkunga mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Bi Mkunga, na nusu ya mtaa huo aliipokea yeye kwa mikono yake. Alikuwa mjane, akiishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga na marehemu mumewe. Miezi minane kabla ya kuniita alipatwa na kiharusi. Ulimi ulirudi, mguu ulirudi, mkono wa kushoto ukarudi nusu: uliweza kushika, lakini kubeba ulikataa.

Alikuwa na watoto watatu, na neno lilikuwa la mkubwa. Tangu utotoni walimwita Meneja kwa sababu alizoea kuwapangia wenzake zamu za kuosha vyombo huku yeye haoshi. Meneja alitaka nyumba iuzwe na mama ahamie kwake, ghorofa ya nne. Mama hakutaka hata kusikia. Walivutana miezi, mwishowe wakakubaliana hivi: jiko litengenezwe upya limfae mama, kisha Jumapili moja watoto wote watatu waje wakae, wamtazame akipika mlo mzima bila msaada wa mtu. Akiweza, atabaki kwake. Akishindwa, Jumatatu dalali anakuja kuipiga picha nyumba.

"Na mimi gharama ya jiko sioni shida," Meneja aliniambia siku ya kwanza, tukiwa uani, mama yake akiwa ndani. "Hata tukiuza, jiko jipya linapandisha bei."

Nilimtazama mtu huyu nikatamani kumpigilia mlangoni. Lakini nimejifunza kwamba aliyeniita ni mteja na atakayesimama jikoni pia ni mteja, nao si lazima wawe mtu mmoja. Nikamwambia karibu ndani, tuione karatasi.

Aliisoma akiwa amekunja mikono. "Fundi, hapa umeandika hujui."

"Ndiyo, kaka."

"Mimi nimekuita nikijua unajua. Hujui nini sasa?"

"Sijui mama anasimama upande gani akikatakata vitunguu. Kama wewe unajua, kalamu hiyo hapo."

Hakujua. Bi Mkunga akacheka huku akijifanya anakohoa, na tangu dakika ile tukawa marafiki.

Siku ya maboksi Meneja alikuja tena, akasimama mlangoni na viatu vyake vya ofisini kutuangalia. Bi Mkunga alifunga leso kichwani kana kwamba anaingia wodini. Akachukua sufuria yake kubwa, akaiweka kwenye sinki la boksi, akafungua bomba ambalo nilikuwa nimelichora kwa kalamu, akasubiri ijae. Akageuka nayo mwili mzima, hatua mbili, akaitua kwenye jiko la boksi kwenye ukuta wa pili. Akamenya viazi vya mawazo. Akachuja, akakaanga, akapakua, akanikaribisha. Alikwenda haraka mno, nyonga zikiyumba, na nikaona anafurahia. Niliandika mambo sita: kabati la juu lishuke, vishikio vya droo viwe virefu vya kuingiza vidole vinne, na mengineyo. Chini ya Tumekubaliana nikaandika kwa herufi kubwa kwamba sinki libaki dirishani na jiko libaki ukuta wa pili, pale pale lilipokuwa miaka yote. Tukatia sahihi wote wawili. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Wiki tatu tulijenga. Nasema tulijenga kwa sababu yule mama hakukaa kando. Alileta kiti chake mlangoni mwa jiko, akafunga mbao kwa vibano kwenye meza na kuzipiga msasa kwa mkono wa kulia, milango miwili mizima, akiipapasa kingo kwa kidole kama anayekagua kitovu cha mtoto. Bawaba nilizoleta alizikataa kwa sababu zilikuwa ngumu kufungua, akanionyesha kwa kufungua mlango mara ishirini mfululizo huku akihesabu kwa sauti. Alikuwa sahihi. Nikaziandika chini ya Nimekosea na kuleta nyingine. Wakati huo wote alinisimulia habari za wodini, za wasichana waliofika wamefunga kanga mpaka shingoni kwa aibu, naye anawaambia neno lile lile miaka thelathini na mitano: mficha uchi hazai.

Alhamisi kazi ilikuwa imekwisha. Fundi bomba alishaunga maji na kwenda zake, jiko la gesi lilikuwa linawaka, droo zilikuwa zinateleza bila kelele. Nilipangusa vumbi, nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia, na nakiri nilijiona fundi kuliko mafundi. Nikamwambia, "Mama, chemsha hata maji ya chai ya watu kumi, tuone."

Akachukua sufuria ile ile kubwa. Akafungua bomba la kweli, maji ya kweli yakajaa. Akaishika masikio mawili, akainua, akaanza kugeuka. Katikati ya ile hatua ya kwanza nikaona kiwiko cha kushoto kinashuka taratibu, bila yeye kutaka, na sufuria ikainama upande ule. Nilinyoosha mikono nikachelewa. Maji yalitapakaa sakafu yote mpaka chini ya makabati mapya, na sufuria ikaenda ikizunguka ikagonga mlango alioupiga msasa mwenyewe.

Nilielewa palepale, na uso ulinichoma kwa aibu. Siku ya maboksi sufuria ilikuwa tupu. Mimi, fundi wa kujaribu kila kitu, mwenye maboksi na karatasi na maneno mengi, nilikuwa nimepima goti, kiwiko, bega na urefu wa shingo, nikasahau kwamba maji yana uzito. Mjomba wangu na shuka lake asingekosea hivyo, maana hakuwahi kumjaribisha mtu. Angekosea vingine vyote, lakini si hivyo.

Tulipiga deki. Kisha nikachukua kalamu, nikaenda kwenye karatasi, na chini ya Nimekosea nikaandika: Nilimjaribisha mama na sufuria tupu. Sinki na jiko viko mbali. Hawezi kubeba maji.

"Futa hiyo," Bi Mkunga akasema nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, leso imelowa, mkono wa kulia umeushika wa kushoto.

"Futa, mwanangu. Jumapili nitapika vitu vya kukaanga tu. Nitatumia kisufuria kidogo, nitachota maji kwa kikombe, kimoja kimoja, kabla hawajafika. Hawatajua. Wakishaondoka tutaona la kufanya, mimi na wewe."

"Na Meneja akisoma?"

"Ndiyo maana nakwambia futa. Hayo uliyoandika si kosa lako tu. Hiyo ni barua ya kuuza nyumba yangu."

Nilisimama na kalamu mkononi kama mjinga. Kwa miaka karibu kumi karatasi ile ilikuwa imeniletea sifa. Nilishaandika humo makosa ya bawaba, ya rangi, ya milimita tatu, na kila mara mteja alinisifu kwa ukweli wangu, nami nikavimba kichwa. Ukweli wa milimita tatu hauumizi mtu. Huu sasa ungemtoa mama wa watu kwenye nyumba yake na kumpandisha ghorofa ya nne. Na ni rahisi kuwa mkweli mtu mwingine akiwa ndiye anayelipa.

Kwa upande mwingine, nilikuwa nimekiona kile kiwiko kikishuka. Siku nyingine maji yale yangekuwa ya moto.

"Mama," nikamwambia, "karatasi hii ni yetu wawili. Nikiacha haya bila wewe kukubali, nitakuwa nimekufanyia jeuri. Nikiyafuta, nitakuwa nimekuachia jiko litakalokuunguza, halafu najiita fundi. Siwezi yote mawili. Kalamu naiacha hapa. Kesho asubuhi nitakuja, na utakachokuwa umefanya ndicho tutakachofuata."

"Hata nikichana yote?"

"Hata ukichana yote. Lakini nitakwambia usoni kwamba umekosea, maana wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mficha uchi hazai."

Akanitazama kwa jicho baya sana. "Toka nyumbani kwangu, mpuuzi wewe," akasema, na nilipofika mlangoni akaongeza, "Uje mapema."

Nilikuja saa moja asubuhi. Karatasi ilikuwa ukutani, nzima. Chini ya maandishi yangu palikuwa na mwandiko mwingine, wa kunyooka, wa mtu aliyejaza kadi za kliniki maisha yake yote. Aliandika: Nilijua tangu siku ya maboksi. Sufuria ilipokuwa tupu niliona itanishinda ikijaa. Nikanyamaza kwa sababu mwanangu alikuwa anatazama.

Nilisoma mara mbili. Kwa hiyo siku ile ya nyonga kuyumba alikuwa anaigiza, na mimi niliyekuja kumtazama nilikuwa sehemu ya watazamaji wake. Sikukasirika. Nilimwonea fahari mpaka nikajipangusa macho, kwa sababu mistari ile ilikuwa imemgharimu kuliko chochote nilichowahi kuandika mimi pale.

"Usinililie jikoni," akasema. "Nimemwita Meneja. Yuko njiani."

Meneja alifika akiwa na haraka ya kwenda kazini. Mama yake hakumweleza neno, alimwonyesha ukuta kwa kidevu. Akasoma. Alipofika kwenye mwandiko wa mama alirudia tangu mwanzo, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo haiwezekani," akasema. Hakusema kwa furaha, hilo nimpe. Alisema kama mtu aliyebeba kitu siku nyingi na sasa anatafuta pa kukitua. "Mama, si unaona mwenyewe? Mmeandika wenyewe."

"Tumeandika kwamba tumekosea," nikamwambia. "Hatujaandika kwamba haiwezekani. Kaka, tia mkono wa kushoto mfukoni."

"Nini?"

"Mkono wa kushoto, mfukoni. Jaza sufuria hiyo, uifikishe kwenye jiko. Dakika moja tu, kazini watakusubiri, wewe si meneja?"

Alinitazama, akamtazama mama yake, na nadhani ni aibu ya kukataa mbele yake iliyomfanya avue koti. Akatia mkono mfukoni. Akajaza sufuria, akaikamata sikio moja kwa mkono wa kulia. Ikapinda. Akajaribu kuiegemeza tumboni. Hatua ya pili maji yakamrukia suruali, yakamjaa viatuni, akatoa mkono mfukoni kuiokoa.

"Umeiba," mama yake akasema.

"Mama, inateleza."

"Umeiba. Rudia."

Akarudia. Mara ya tatu viatu vilikuwa vimevuliwa, viko nje juani, na Meneja alikuwa anatembea na soksi kwenye sakafu iliyolowa, amekunja uso kama mwanafunzi kwenye mtihani wa hesabu. Bi Mkunga alimrushia kitambaa cha deki, naye akainama akapangusa. Nilibana midomo yangu. Kuna mambo mtu hapaswi kuyacheka hadi afike garini.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi na maboksi yangu tulikuwa hatujalifikiria. Alitia maji kidogo kwenye sufuria, akaitoa kwenye sinki, akaiweka kwenye kaunta pale pembeni ya sinki, akashika kikombe akawa anaijazia hapo. Ilipojaa hakuiinua. Aliisukuma kwa kiganja, ikateleza juu ya kaunta mpaka mwisho, ikaishia hapo kwa sababu kaunta iliishia hapo, na jiko lilikuwa upande wa pili.

"Sasa kwa nini nibebe?" akasema, akijiuliza mwenyewe. "Fundi, kama jiko lingekuwa hapa mwisho, huku huku, mtu angesukuma tu. Hangebeba kitu."

"Rudia hilo," nikamwambia, na nilikuwa tayari nimefungua futi.

"Nasema kama jiko lingekuwa..."

"Shika ncha hii."

Akaishika ncha ya futi. Tulipima. Chini ya dirisha, kando ya sinki, palikuwa na kabati la droo tatu. Droo zikihamia ukuta wa pili, jiko lingekaa pale. Bi Mkunga akasema jiko haliwezi kukaa juu ya kaunta kama zamani, kwa sababu sufuria itabidi ipandishwe, na kupandisha ni kubeba kule kule. Nikasema tutalizamisha, tutakata kaunta na kulishusha mpaka vile vyuma vya kuwekea sufuria viwe sawasawa na kaunta, isiwe hata unene wa kucha. Meneja akauliza maji yatafikaje kwenye sufuria bila kutumbukizwa kwenye sinki. Hilo lilikuwa la fundi bomba: bomba la shingo ndefu linalozunguka, limwage nje ya sinki. Na kumwaga maji ya viazi? Mama akasema hiyo atainamisha tu ukingoni, wala haihitaji mkono wa pili, ameinamisha mabeseni maisha yake yote. Kila mmoja wetu alikuwa na jibu la swali la mwenzake. Tuliongea wote kwa pamoja, na katikati ya kelele zile Meneja akapiga simu kazini kusema leo haji.

Nilikuwa na maboksi mawili garini. Tuliyakata, tukayaweka, na safari hii sufuria ilijazwa maji mpaka ukingoni. Bi Mkunga aliisukuma kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiongoza tu. Boksi lililowa na kulegea, lakini sufuria ilifika.

Ijumaa ile na Jumamosi sikumbuki kama nilikula. Nilivunja kaunta niliyoipenda. Nilikata shimo la jiko mara moja tu, kwa sababu nafasi ya kukata mara ya pili haikuwepo, na Meneja alishika upande wa pili wa ubao. Hakujua kushika drili, hakujua kupiga msasa, na alipanga zamu za kufagia ambazo hakuna aliyezifuata, lakini alishika kila nilichomwambia ashike. Jumamosi jioni nilipitisha kiganja kutoka sinki mpaka kwenye vyuma vya jiko nikiwa nimefumba macho, na sikuhisi mahali kimoja kinapoishia na kingine kinapoanza.

Jumapili watoto wote watatu walikuwa sebuleni saa tano. Dada na mdogo wao wa mwisho walikuwa wamesikia kwamba kuna karatasi na wakaja kuisoma kwanza, hawakuibandua. Mimi nilitaka kuondoka, hayo yalikuwa ya kwao, lakini Bi Mkunga akanionyesha kiti. "Jiko hili tumelijenga mimi na fundi," akawaambia, "na huyu bwana wa soksi."

Tukaketi mlangoni mwa jiko, akapika. Alijaza sufuria kubwa pale pale kwenye kaunta, akaisukuma, ikapita bila kukwaruza. Alimenya viazi vya kweli. Mara moja kifuniko kilimponyoka kikaanguka, na dada mtu akainuka nusu, lakini Meneja akamvuta sketi akaketi. Bi Mkunga akakiokota mwenyewe, akakiosha, akaendelea. Alichukua saa moja na nusu. Hakuwa na haraka hata kidogo siku hiyo, na nyonga hazikuyumba. Alipoinamisha sufuria ukingoni mwa sinki na mvuke ukafunika dirisha, nilijikuta nimeshikilia kiti kwa mikono yote miwili. Maji yalikwenda yote yalikotakiwa kwenda. Nimejenga majiko mengi, na sijawahi kuona kazi yangu ikifanya kazi namna ile.

Tulikula. Meneja alirudia sahani. Halafu akatoa simu, akampigia dalali mbele yetu sote na kumwambia kwamba kesho asije, nyumba haiuzwi. Akaiweka simu mezani. Wadogo zake wakaanza kucheka na kuongea, na mimi nikaanza kufikiria drili yangu iko wapi.

Bi Mkunga hakucheka. Alikuwa anasugua kiganja cha mkono wa kushoto kwa dole gumba la kulia. "Kuna jambo lingine," akasema. "Bafuni naogopa. Pale pa kuvuka kizingiti nikiwa nimelowa. Kila nikioga naacha mlango wazi, ili nikianguka majirani wasikie."

Meneja alikuwa amekodoa macho kwenye sahani.

"Tangu lini?"

"Tangu nitoke hospitali."

"Miezi yote hiyo? Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia, ungeiuza nyumba."

Nilidhani Meneja atakataa, kwa kuwa wadogo zake walikuwa wanamtazama na mgeni alikuwa pale. "Kweli," akasema. "Ningeiuza."

Akasukuma kiti nyuma, akavua viatu, akakunja suruali mpaka magotini. Akamnyooshea mama yake mkono, upande wa kushoto, ule dhaifu. "Twende ukanionyeshe."

Waliondoka pamoja polepole kwenye korido. Nikasikia bomba la bafuni likifunguliwa, kisha sauti ya Bi Mkunga ikimwelekeza mwanawe asimame wapi na ashike wapi, na yeye akijibu, ndiyo mama, hapa, nimeelewa, hapa.